Vichujio vya Filta ya Kanista kwa Tangi la Maji ya Chumvi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu mwenye tangi la lita 100 hadi 400 hivi, lenye samaki wa baharini na pengine matumbawe laini kidogo, na filta ya kanista imekaa kabatini chini yake. Kama tangi lako ni kubwa zaidi na una nafasi ya kuweka tangi la pili la kuchujia chini, weka hilo. Ni rahisi kulihudumia kuliko kanista yoyote. Wengine wote, tuendelee.

## Mambo ya msingi

Filta ya kanista ni ipi, na vichujio ni nini?

Kanista ni kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na pampu juu yake. Maji hushuka kutoka kwenye tangi kwa mpira mmoja, hupita kwenye trei zilizo ndani ya kopo, kisha pampu huyasukuma kurudi juu kwa mpira wa pili. Vile vinavyojazwa kwenye trei ndivyo tunavyoviita vichujio hapa: sponji, pamba, pete za seramiki, mkaa, chembechembe za kuondoa fosfeti na kadhalika.

Kazi ni tatu. Kuna vinavyokamata uchafu unaoonekana, kuna vinavyowapa bakteria makazi, na kuna vinavyonasa vitu vilivyokwisha kuyeyuka majini. Kichujio kimoja hufanya kazi moja vizuri na nyingine kwa kubahatisha. Tangazo likikuambia kimoja kinafanya zote tatu, soma tena bei yake.

Nimeambiwa kanista ni "kiwanda cha nitreti" na haifai baharini. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli. Samaki wanatoa amonia. Bakteria wanaigeuza nitriti, kisha nitreti. Hapo safari ya kawaida inaishia, na nitreti inabaki majini mpaka ubadilishe maji au ipate mahali pasipo na oksijeni pa kuvunjwavunjwa. Hilo hutokea kwa filta ya aina yoyote. Kanista haitengenezi nitreti kutoka hewani.

Tatizo lake ni kwamba imefunikwa. Kinyesi na chakula kilichokwama kwenye sponji hukioni, na usichokiona hukisafishi. Kikikaa humo wiki sita, kinaoza chote na mazao yake yanarudi kwenye tangi, wakati ungeweza kukitoa kikiwa bado tope. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua kichujio chochote ni hili: utakuwa unafungua kopo hili kila baada ya siku ngapi, kwa ukweli wa maisha yako? Ushauri karibu wote ulio hapa chini unategemea jibu hilo.

Nimefuga samaki wa maji baridi miaka mingi. Kuna tofauti gani?

Zipo nne, na zote zinagusa vichujio.

Ya kwanza ni pH. Maji ya bahari hukaa kati ya 8.1 na 8.4. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.2 sehemu hiyo hupanda zaidi ya mara kumi. Kosa dogo ambalo samaki wa maji baridi angelivumilia linaweza kumuua kitatange.

Ya pili ni oksijeni. Kwa joto lilelile, maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari ikifika nyuzi 30, akiba ni ndogo kabisa, na bakteria waliomo kwenye kopo wanaigombania hiyohiyo pamoja na samaki.

Ya tatu ni mawe hai. Tangi la baharini lililopangwa vizuri lina mawe yenye matundu ambayo tayari yamejaa bakteria. Kazi kubwa ya kibiolojia inafanyika humo, na kanista inabaki msaidizi.

Ya nne ni chumvi yenyewe, ambayo huharibu kazi ya baadhi ya vichujio. Tazama swali la zeolaiti, yale madini yanayonasa amonia.

Sina muda wa kusoma ukurasa wote. Niweke nini?

Kama una mawe hai ya kutosha: sponji ya matundu makubwa, kisha pamba nyembamba, kisha mfuko mdogo wa mkaa wa filta. Trei nyingine iache tupu. Fungua kila wiki mbili, na pamba ibadilishe mara nyingi zaidi ikiwezekana.

Kama huna mawe hai, au unayo machache: sponji, halafu trei moja au mbili za pete za seramiki, na mkaa pale unapouhitaji tu.

## Kupanga trei

Kipi kitangulie?

Kinachokamata uchafu kitangulie, makazi ya bakteria yafuate, mkaa na wenzake waje mwisho. Pete za seramiki zikipokea maji machafu moja kwa moja, vitundu vyake huziba na zinabaki kuwa kokoto za bei ghali.

Wanaokosea wengi hawakosei mpangilio bali upande. Wanadhani maji yanaingia juu na kutoka chini. Kwenye Eheim Classic, aina moja ya kanista, maji huingia chini ya kopo na kupanda, kwa hiyo sponji nene inakaa chini kabisa. Kwenye kanista nyingi za trei, maji hushuka kwanza pembeni kisha hupanda kupitia trei, nazo pia huanzia chini. Soma mchoro wa kifaa chako. Kama mchoro umepotea, iendeshe wiki moja kisha ifungue: trei iliyochafuka zaidi ndiyo ya kwanza.

Nikijaza trei zote mpaka juu si ndiyo maji yatakuwa safi zaidi?

Hapana. Kila unachoongeza kinapunguza mwendo wa maji na kinaongeza mahali pa kufichia tope. Ule mwendo ulioandikwa kwenye boksi, tuseme lita 1,000 kwa saa, mara nyingi umepimwa kopo likiwa tupu na bila kimo cha kupandisha maji. Ukishaweka vichujio na mita moja na robo ya mpira, unapata pungufu sana.

Kwa tangi la samaki, ukipata mwendo halisi wa mara nne hadi sita ya ujazo wa tangi kwa saa, kanista imefanya kazi yake. Matumbawe yanahitaji msukosuko mkubwa kuliko huo, lakini hiyo ni kazi ya pampu za mawimbi ndani ya tangi. Usiilazimishe kanista.

Mpira wa kurudisha maji niuelekeze wapi?

Juu, uso wa maji utikisike. Ndani ya kopo hakuna hewa inayoingia, kwa hiyo maji yanayorudi yametumika oksijeni yake. Yakiingia kimyakimya chini ya maji, unakosa nafasi ya kuirudisha.

## Sponji, pamba na mifuko

Sponji ya godoro inafaa?

Kwa kawaida haifai. Sponji ya filta ina matundu yaliyo wazi toka upande mmoja hadi mwingine; ukiipuliza kwa mdomo, hewa inapita. Ya godoro mara nyingi ina vitundu vidogo vilivyofungwa nusunusu, inaziba ndani ya siku chache na kusukumwa na maji mpaka inajikunja pembeni, halafu maji yanapita kando bila kuchujwa. Pia baadhi hutiwa dawa ya kuzuia moto kiwandani. Kipande cha sponji halisi ya filta hudumu miaka. Ni moja ya vitu ambavyo kubana matumizi hakulipi.

Na pamba ya kujazia mito?

Hiyo inafaa, kwa masharti. Iwe ya poliesta tupu, nyeupe, isiyo na manukato wala dawa. Pamba ya shambani huoza. Jaribu kipande: kiloweshe, kikamue, kiachie. Poliesta hufumuka tena, pamba ya kweli hubaki donge.

Isishindiliwe. Tabaka la vidole viwili, limelala sawasawa, linatosha. Likishakuwa kahawia litupe. Kuliosha na kulirudisha ni kujisumbua, kwani nyuzi zimeshashikana.

Nimeshona mifuko ya kuwekea mkaa kwa neti ya mbu. Kuna shida?

Kubwa sana, kama neti imewekwa dawa, na neti nyingi zinazogawiwa kliniki na kwenye kampeni za malaria zimewekwa. Dawa zenyewe, kama vile permethrin na deltamethrin, ni za jamii inayoua wadudu, na kamba na kaa ni ndugu wa karibu wa wadudu. Samaki nao hawaziwezi. Kuifua neti hakuondoi dawa; zimetengenezwa zivumilie kufuliwa mara nyingi.

Itoe leo, badilisha maji, weka mkaa mpya kwenye mfuko mwingine. Soksi mpya ya nailoni ya kike, iliyosuuzwa kwa maji matupu bila sabuni, ni mfuko mzuri na wa bei nafuu.

Nisafishe kila baada ya muda gani, na kwa maji gani?

Sponji kila wiki mbili. Pamba kila siku tatu hadi saba ukiweza kuifikia kirahisi. Pete za seramiki zisuuzwe tu pale tope linapoonekana, pengine mara moja kwa miezi kadhaa, na sio siku moja na sponji.

Tumia maji ya chumvi uliyoyatoa kwenye tangi siku ya kubadilisha maji. Jaza ndoo, zamisha sponji, ikamue mara kadhaa mpaka maji yanakuwa kama chai ya rangi, mwaga, rudia. Maji ya bomba yana klorini, na hata yasiyo na klorini hayana chumvi; bakteria wa baharini wakitumbukizwa ghafla kwenye maji matamu wengi wanapasuka. Sabuni hapana, hata ile ya "tone moja tu".

Ishara ya kuwa umechelewa: maji yanayorudi kwenye tangi yamepungua nguvu.

## Makazi ya bakteria

Nahitaji pete za seramiki kiasi gani kama nina mawe hai?

Pengine huhitaji hata moja. Kanuni ya zamani ya wafugaji ni nusu kilo ya mawe hai kwa kila lita nne za maji. Mawe mepesi yenye matundu mengi yanaweza kupungua hapo. Ukikaribia kiasi hicho, bakteria walioko kwenye mawe na mchanga wanamaliza amonia yote, na pete ulizoziweka kwenye kanista zinakuwa na njaa.

Kuna hali moja ambapo bado ninazipenda: trei moja ya pete kwenye tangi kubwa ni akiba ya bakteria. Siku ukihitaji kuanzisha tangi la karantini kwa haraka, unachota gao mbili za pete na kazi imeanza siku hiyohiyo.

Jambo la kisheria, kwa kuwa linaulizwa kila mara: mawe hai usiyavunje baharini. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na sehemu nyingi ambazo watu wangependa kwenda kuchukua, kama Bongoyo na Mbudya mbele ya Dar es Salaam, au Watamu na Malindi kule Kenya, ni hifadhi. Anza na mawe makavu na pete chache kutoka kwa mwenzako mwenye tangi la baharini lililokomaa. Utasubiri wiki nne hadi sita kabla ya samaki wa kwanza, na si muda mrefu.

Mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia visigino, yanaweza kuchukua nafasi ya pete?

Yanaweza, na ni mojawapo ya vitu vizuri vinavyopatikana bila kuagiza nje. Baadhi ya vichujio vinavyouzwa kwa jina kubwa ni mawe ya jamii hiyohiyo, yamechaguliwa na kuoshwa tu. Vunja vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, sugua kwa brashi mpya, chemsha, suuza mpaka maji yasiwe na vumbi. Mwanzoni yataelea. Yaache yamezama chini ya kitu kizito siku kadhaa mpaka hewa itoke.

Watu wa maji baridi hukushauri umwagie siki uone kama jiwe linatoa povu. Jaribio hilo ni la chokaa, na chokaa kwenye maji ya bahari haina madhara. Kinachokuhusu wewe ni chuma na metali nyingine. Pitisha sumaku juu ya vipande vikiwa vikavu. Kinachovutwa, au chenye doa jekundu la kutu au mng'aro wa rangi ya shaba, kitupe. Na jiwe la kusugulia miguu lililokwisha kutumika bafuni libaki bafuni.

Vipande vya matumbawe au makombe kwenye trei vitashikilia pH?

Havitashikilia. Maji ya bahari yenye pH ya kawaida tayari yamejaa kalsiamu kabonati kiasi cha kutoyeyusha zaidi. Ili vipande hivyo viyeyuke, pH lazima ianguke chini ya 8 kwa kiasi cha kutosha, na ikifika huko tayari una tatizo jingine. Kwenye kanista vinakusanya tope tu. pH ikishuka, badilisha maji, fungua madirisha, tikisa uso wa maji.

Mipira ya plastiki yenye miiba?

Ilitengenezwa kwa filta za kunyunyiza, ambako maji yanadondokea juu yake katikati ya hewa. Ikizamishwa, faida yake inaondoka. Pete au sponji ya ukubwa huohuo ina makazi mengi zaidi.

Kuna vichujio vinavyodai kuondoa nitreti yenyewe. Vinafanya kazi?

Bakteria wanaovunja nitreti wanahitaji sehemu ambayo oksijeni imekwisha. Kinadharia wanaweza kuishi katikati ya kipande kinene chenye vitundu vidogo, huku nje yake kukiwa na oksijeni. Ndiyo maana vipande vikubwa, vya ukubwa wa yai na zaidi, vina nafasi kuliko pete nyembamba. Lakini maji kwenye kanista yanakwenda kasi, na vitundu vikizibwa na tope hakuna kinachoingia wala kutoka.

Msimamo wangu: vinunue kama makazi ya bakteria, vikipunguza nitreti kidogo shukuru. Nitreti iliyopanda hushushwa kwa kubadilisha maji na kusafisha sponji kwa wakati. Tangi la samaki pekee linavumilia nitreti ya miligramu 30 hadi 40 kwa lita. Lenye matumbawe ilenge chini ya 10.

Kanista yangu ilikuwa kwenye tangi la maji baridi. Naweza kuihamisha na bakteria wake?

Kopo ndiyo, bakteria hapana. Wengi watakufa kwa chumvi, na mizoga yao yenyewe itakuwa amonia. Osha kila kitu, hesabu kwamba unaanza upya. Zeolaiti au mkaa wa zamani usivuke nao.

## Mkaa, fosfeti na wengineo

Mkaa wa filta ukae muda wote?

Mkaa unaondoa rangi ya manjano inayotokana na chakula na mwani, harufu, na sumu ambazo matumbawe laini hurushiana. Ukiwa na matumbawe laini ya aina kadhaa kwenye tangi dogo, uweke muda wote na ubadilishe kila wiki tatu au nne. Tangi la samaki pekee linaweza kuupata siku chache kwa mwezi na likang'aa vilevile.

Kiasi: kikombe cha chai kwa lita 200 kinatosha. Kuzidisha hakusaidii, maji yaliyokuwa ya manjano yakiwa meupe ghafla, mwanga unaofika kwenye matumbawe unaongezeka kwa ghafla pia, nayo yanaweza kuungua.

Suuza mpaka maji yatoke bila weusi. Sio kwa ajili ya urembo tu: majaribio yaliyofanywa Marekani kwa samaki wa jamii ya kangaja yalionyesha kuwa mkaa laini wenye vumbi unahusika na ule ugonjwa wa ngozi kumomonyoka kichwani na ubavuni. Chagua chembe ngumu, zisizosagika ukizibana kwa kucha.

Mkaa wa jikoni, au wa vifuu vya nazi nilioutengeneza mwenyewe?

Usitumie. Ni kweli kwamba mkaa mzuri wa filta mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi. Lakini baada ya kuchomwa, vifuu hivyo hupitishwa kwenye mvuke wa joto la nyuzi 800 na zaidi, na ndipo vinapotobolewa vile vitundu visivyoonekana vinavyonasa uchafu. Mkaa wa jiko haujapitia hapo. Una majivu, unaweza kuwa na mafuta au lami, na majivu yana fosfeti, yaani mbolea ya mwani uliyojinunulia mwenyewe.

Mwani wa kijani umejaa kwenye kioo. Niweke cha kuondoa fosfeti?

Pima kwanza. Fosfeti ikiwa juu ya miligramu 0.1 kwa lita, kichujio kitasaidia. Ikiwa chini, tafuta kwenye taa na mkono unaolisha.

Viko vya aina mbili. Chembe za rangi ya kutu ni oksidi ya chuma. Vidonge vyeupe ni oksidi ya alumini. Vya kutu ndivyo ningechagua kwa tangi lenye matumbawe, kwa sababu baadhi ya matumbawe ya ngozi hukunjamana palipo na vyeupe. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, kwani fosfeti ikianguka haraka matumbawe yanasinyaa. Vyote viwili vinahitaji maji yapite taratibu. Kwenye kanista, weka kwenye mfuko uliolegea katika trei ya mwisho, na uukorogekoroge kila unapofungua ili visigande kuwa tofali.

Zeolaiti inaondoa amonia haraka. Kwa nini haimo kwenye orodha yako?

Kwa sababu ya sodiamu. Zeolaiti hunasa amonia kwa kubadilishana na ayoni nyingine, na maji ya bahari yana sodiamu nyingi mno hivi kwamba inashika nafasi zote. Amonia inabaki palepale. Mbaya zaidi, zeolaiti iliyoshiba amonia kwenye maji baridi ukiitia kwenye chumvi inaitapika yote. Maji ya chumvi ndiyo njia ya kawaida ya kuisafisha.

Kuna mifumo ya matumbawe inayotumia zeolaiti kwa namna nyingine, na vifaa vyake maalumu. Sio ya kanista.

Purigen na mkaa, kipi bora?

Purigen ni chembe ndogo za resini zinazonasa mabaki ya viumbe hai kabla hayajawa amonia. Kwa kung'arisha maji inashindana na mkaa, na ina faida ya kusafishika: inalowekwa saa 24 kwenye maji na jiki kwa nusu kwa nusu, inasuuzwa sana, kisha inalowekwa kwenye dawa ya kuua klorini mpaka isiwe na harufu yoyote. Jiki iwe ya kawaida, bila manukato wala sabuni ndani. Usiunganishe hatua kwa haraka. Klorini iliyobaki inaweza kufagia tangi zima.

Kwa asiye na subira ya kuloweka na kusuuza, mkaa ni salama zaidi.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Umeme umekatika kwa muda wa saa tano. Niwashe tu ukirudi?

Usiwashe kabla hujafungua. Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa kwetu.

Pampu ikisimama, kopo limefungwa na bakteria wanaendelea kupumua. Ndani ya saa chache oksijeni imekwisha, wanaanza kufa, na bakteria wa aina nyingine wanaanza kutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Umeme ukirudi usiku umelala, pampu inamwaga maji hayo yote kwenye tangi kwa dakika moja. Asubuhi unakuta samaki wanahema juu ya maji, na lawama inaangukia umeme.

Mkato wa chini ya saa moja usikusumbue. Ukipita saa mbili, chomoa plagi ya kanista ili isijiwashe yenyewe. Umeme ukirudi, fungua, nusa, mwaga maji yote ya kopo, suuza vichujio kwa maji ya tangi, funga, ndipo uwashe. Kama mkato unaonekana kuwa wa siku nzima, toa sponji na pete mapema uziweke ndani ya tangi lenyewe kwenye mfuko wa nailoni, penye pampu ndogo ya hewa ya betri.

Hapa ndipo kanista isiyojazwa sana inapolipa: vichujio vichache ni bakteria wachache wa kufa. Na kama una inveta ndogo, pampu ya mawimbi ipewe umeme kwanza. Mawe hai yakiendelea kupitiwa na maji, tangi linaishi bila kanista kwa siku.

Natibu samaki kwa dawa. Vichujio vibaki?

Mkaa na resini vitoke, vinginevyo vinakunywa dawa wewe unamwaga tu. Dawa ya shaba isitiwe kabisa kwenye tangi lenye mawe hai, kamba au konokono. Tibu kwenye karantini yenye sponji tupu. Mawe na vipande vya chokaa hufyonza shaba na kuirudisha baadaye. Vichujio vilivyokaa kwenye shaba viwekee alama na vibaki huko maisha yake yote. Dawa ikimaliza kazi, mkaa mpya unaondoa masalia.

Natumia maji niliyochota baharini. Vichujio vibadilike?

Kidogo. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mto na mifereji, na usichote siku za mvua ya masika. Chumvi inakuwa imepungua na udongo umejaa. Yaache siku chache gizani yakipigwa hewa ili vijidudu vilivyokufa na mchanga vitue chini, kisha vuta maji ya juu. Kwa siku mbili baada ya kuyatia, weka pamba mpya na mkaa. Utashangaa rangi ya pamba hiyo.

Nimefungua kopo likanuka mayai viza ingawa umeme haukukatika.

Kuna sehemu maji hayapiti: trei imeshindiliwa, au sponji imejikunja. Mwaga, suuza, punguza vichujio. Usifikirie kuongeza kitu.

Vibanio na ekseli ya pampu vina kutu. Ni filta mbovu?

Ni filta isiyo ya baharini, au iliyo na kipande kimoja kisicho cha baharini. Tafuta ekseli ya seramiki na vibanio vya plastiki. Chumvi nyeupe inayojijenga kwenye ukingo wa mfuniko ni dalili ya kukauka kwa oringi, ule mpira wa duara unaoziba mfuniko. Ifute, ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka yanalegeza baadhi ya raba.

Nahama nyumba. Nisafirishe vipi vichujio?

Usibebe kanista ikiwa imefungwa na maji ndani. Baada ya saa chache barabarani ni sawa na umeme uliokatika. Toa pete na sponji, ziweke kwenye ndoo pana bila mfuniko wa kubana, maji ya tangi yafike nusu ya kimo chake ili ziwe mbichi lakini zipate hewa. Funika kwa kitambaa kilicholowa na uziweke kivulini. Mkaa na chembe za fosfeti tupa, utaanza na mpya. Ukifika, panga mawe na maji kwanza, kanista baadaye, na wiki ya kwanza lisha kidogo huku ukipima amonia kila siku.